Fidia ya 1907

Kwenye hitima ya bibi, hapa Langoni, wazee walimshukuru mjomba. Kila mwezi alituma pesa kutoka Mombasa, na kila shilingi ilikuwa na ujumbe wake wa M-Pesa, kwa hivyo nani angebisha? Mama alikuwa jikoni. Kwa miaka sita alimgeuza bibi kitandani, akamwosha, akamlisha uji kwa kijiko, akampaka mafuta ya nazi mgongoni asichubuke. Mama alikuwa akishona kofia za vito. Sindano aliiweka kando mwaka wa kwanza, maana kofia moja yataka wiki nyingi na mikono iliyotulia.

Ndipo nikaanza kujiuliza: kazi hii hapa kwetu iliwahi kuwa na bei?

Nilianzia kwa Mwana Kupona. Utendi wake wa 1858 tumezoeshwa kuusoma kama somo la mke mwema. Usome tena ukimtazama msemaji. Ni mama anayeugua, mwaka mzima sasa, anamwita binti yake, Mwana Hashima, aje na wino na karatasi. Jina la mume twalijua: Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyewasumbua masultani wa Zanzibar. Aliyekuwa akimwosha mgonjwa hatumjui. Huenda ni binti, lakini mimi nadhani ni mtumwa wa nyumbani, maana utendi wenyewe unawataja watumwa, na unamwonya binti asichanganyike nao ila wakati wa kazi.

Ila wakati wa kazi!

Mwaka 1907 Waingereza wakafuta utumwa kisheria kwenye pwani ya Kenya, Lamu ikiwemo, na hapo bei ikajitokeza. Iliitwa fidia. Waliokuwa na watumwa walidai hasara yao serikalini, wakalipwa. Fidia ilikuwa ya bwana kwa kumpoteza mtu, si ya mtu kwa miaka aliyopika, aliyolea, aliyombeba bibi wa nyumba kwenye ngazi za mawe.

Wengine wakaenda zao, wengine wakabaki. Kazi yenyewe haikwenda popote. Kidogo kidogo ikawaangukia mabinti, nayo ikapata jina jipya: radhi. Binti amdai mamake mshahara? Astaghfirullahi. Na mimi naamini radhi, msinielewe vibaya. Lakini mjomba naye kaipata, tena na shukrani za hadharani juu yake.

Serikali nayo imeanza kuhesabu. Uchunguzi wa matumizi ya muda wa KNBS wa 2021 ulikuta wanawake wa Kenya hutumia zaidi ya saa nne kwa siku kwa kazi za nyumbani na ulezi bila malipo. Wanaume, kama saa moja. Wakikadiria kazi hiyo kwa pesa, watoto na wagonjwa na sufuria zote pamoja, wapata asilimia 23 hivi ya pato la taifa. Mama nilipomsomea alicheka, akauliza hizo pesa ziko benki gani.

Sasa nyumba ya bibi inagawanywa. Mjomba mafungu mawili, mama moja. Hilo ni la sheria ya dini, siligusi. Lakini sheria hiyo hiyo yataka madeni ya marehemu yalipwe kwanza, kabla ya mgao. Nimemwandikia mjomba kumuuliza: ile miaka sita tuiweke wapi?

Mama amenikataza kulisema mbele za watu. Mjomba hajajibu.