Chai ya Baraka hutoka ng'ambo

Baraka hakuna shamba la chai. Mji umelala ufukweni mwa ziwa Tanganyika, mita 770 hivi juu ya bahari, na mchai hauelewani na joto la namna hiyo: unataka mlima, ukungu na mvua isiyokatika. Vyote hivyo mkoa wetu wa Kivu ya Kusini unavyo, huko Bukavu na Kalehe. Lakini mama wa Baraka akimtuma mtoto dukani, pakiti ya majani anayorudi nayo aghalabu imevuka ziwa, kutoka Tanzania au Burundi. Chai imekuwa ikivuka ziwa tangu ijulikane huku.

Wavumbuzi Burton na Speke walifika rasi ya Ubwari, jirani nasi, mwaka 1858, wakadhani ni kisiwa. Wakati huo Ujiji, ng'ambo ya ziwa, tayari ilikuwa bandari ya wafanyabiashara Waarabu na Waungwana, na chochote cha anasa kilipanda kutoka Unguja kichwani mwa wapagazi, safari ya miezi. Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji, Novemba 1871, chai ilikuwemo kwenye mizigo yake, na wawili hao waliinywa kabla ya kuingia mtumbwini kwenda kuuona mto Rusizi. Majani ya siku hizo yalitoka Asia; Wajerumani walianza kujaribu mchai Amani, Usambara, mwanzoni mwa karne ya ishirini tu. Wafanyabiashara wale, na baadaye watu wa mfanyabiashara Rumaliza, walileta pia utumwa na bunduki, kwa hiyo tusiwapambe. Ila Kiswahili na Uislamu vilibaki mwambaoni, na futari ya Baraka mpaka leo haikamiliki bila chai.

Wabelgiji nao walitazama milima. Comité National du Kivu iliundwa 1928 kugawa ardhi kwa walowezi, kisha watafiti wa kilimo wa INEAC kule Mulungu wakashughulikia kahawa, kwinini na chai. Majani hayo yalikusudiwa kuuzwa nje. Mbembe wa Fizi, huku kwetu, hakuwa mteja aliyefikiriwa. Mwaka 1973 Mobutu alipotaifisha mali za wageni, mashamba mengi yaliishia mikononi mwa watu wasiojua kuyatunza, nayo yakageuka vichaka. Kitu kimoja tulikuwa nacho karibu: sukari ya Kiliba, kwenye bonde la Rusizi. Kiwanda kile kilisimama na vita vya 1996.

Vita ndivyo vilivyozidi kutufunga na ng'ambo. Mwaka 1965 Che Guevara na Wakuba wake waliingia mwambao wa Fizi kwa mashua kutoka Kigoma. Laurent Kabila na waasi wake wa PRP walikaa milimani kuanzia 1967, na biashara yao ilipita majini usiku. Mwaka 1996 maelfu ya watu wa Fizi walikimbilia Kigoma, wengi wakaishia kambi ya Nyarugusu. Mgao ulikuwa unga, maharagwe, mafuta na chumvi. Aliyetaka chai aliuza sehemu ya unga wake, na wengi waliuza. Walipoanza kurudishwa Baraka kwa meli, Oktoba 2005, walishuka na Kiswahili cha Kigoma, na desturi ya kunywa chai ya rangi na chapati kabla jua halijawa kali.

Na inavyopikwa! Makaa yakishashika moto kwenye mbabula, maji yanachemshwa na tangawizi iliyopondwa, pengine na mchaichai wa uani. Majani huingia mwisho. Hapa nyumba hugawanyika: wapo wanaoyaacha yatokote mpaka sufuria inuke kama dawa ya minyoo, na wapo wanaofunika, wanaepua, wanasubiri kidogo. Mimi niko na hawa wa pili. Majani yetu ni punje ndogo, zilizopondwa, zikararuliwa na kuviringishwa kwa mashine iliyobuniwa Assam miaka ya 1930. Rangi zinaitoa upesi, na ukali unafuata nyuma yake. Dakika tatu nne zinatosha. Kisha chujio, kisha temosi, na sinia la mihogo ya kuchemsha na karanga. Maziwa, yakipatikana, ni ya ng'ombe wa Minembwe, na upatikanaji wake hufuata usalama wa njia za milimani.

Vifuko vyenye uzi navyo vipo, hasa kwenye ofisi za mashirika na hoteli. Sina ugomvi navyo, ila kifuko kimeshaamua kwa niaba yako: kikombe kimoja, kipimo kimoja, mnywaji mmoja. Majani ya kumimina mkono huyapima kwa idadi ya watu waliokaa, na akitokea mgeni wa ghafla huongezwa maji, yakatosha.

Ukitaka chai ya Kivu yenyewe, mwagize anayeshuka kutoka Bukavu, na uwe na subira. Mvua ikiikata barabara ya Uvira, hata lori la bia halifiki.