Kabla ya Peace Corps: Wanafunzi walioshika sururu Afrika

Tarehe 22 Juni 1962, kwenye bustani ya Ikulu ya Marekani mjini Washington, Rais John F. Kennedy alizungumza na wanafunzi wa vyuo vikuu waliokuwa njiani kuja Afrika. Hawakuja kutalii wala kuhubiri. Likizo yao ya kiangazi walikuwa wameitenga kwa kazi ya mikono: kuchimba misingi, kufyatua matofali na kusimamisha kuta za shule na zahanati katika vijiji ambavyo wazazi wao hawakuwahi kuvisikia. Kennedy, ambaye wakati huo dunia nzima ilimsifu kwa kuanzisha Peace Corps, shirika la Marekani la watu wa kujitolea, aliwaambia wazi kuwa chama chao ndicho kilichotangulia, na kwamba juhudi zao ndizo zilizozaa shirika lile.

Chama hicho kiliitwa Operation Crossroads Africa. Mwanzilishi wake alikuwa James H. Robinson, mchungaji mweusi wa Kipresbiteri kutoka Harlem, New York. Jina la Kennedy linajulikana hadi kwa watoto wa shule, la Robinson wachache wanalikumbuka, hata huku Afrika alikowaleta vijana wake. Ni haki historia yake isimuliwe, maana ndani yake kuna jibu la swali linalotusumbua mpaka leo: kijana mgeni, mwenye wiki chache tu za likizo, anaweza kuwafaa nini watu wasiomjua?

Kutoka Knoxville hadi Harlem

Robinson alizaliwa mwaka 1907 mjini Knoxville, Tennessee, katika familia maskini. Kusini mwa Marekani ya wakati ule, mtu mweusi alitengwa kisheria shuleni, hospitalini na hata kwenye viti vya treni. Elimu aliipata kwa taabu na kwa kuchelewa, na alikuwa na miaka 28 alipohitimu Lincoln University, Pennsylvania, mwaka 1935.

Chuo hicho hakikuwa cha kawaida. Kilianzishwa kwa ajili ya Wamarekani weusi, lakini kilipokea pia vijana wa Kiafrika. Nnamdi Azikiwe, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Nigeria, alisoma pale kisha akafundisha pale mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kwame Nkrumah aliwasili mwaka uleule Robinson alipohitimu. Katika mazingira hayo, Afrika haikuwa picha ya kwenye kitabu cha wamisionari. Ilikuwa na sura za watu, wenye hoja na mipango ya kuzikomboa nchi zao.

Mwaka 1938 Robinson alimaliza masomo ya theolojia katika Union Theological Seminary, New York, akaanzisha kanisa la Church of the Master katika mtaa wa Harlem. Kanisa lake halikuishia kwenye ibada. Aliwatafutia watoto wa mtaa mahali pa kwenda wakati wa kiangazi, akaanzisha kambi huko New Hampshire, jimbo la mashambani ambalo wakazi wake karibu wote walikuwa wazungu. Wanafunzi wa vyuo vikuu, weupe kwa weusi, walikwenda kuishi na watoto hao kama walezi wao. Ndipo Robinson alipojionea jambo lililoongoza maisha yake yote: vijana wa rangi mbalimbali wanaofanya kazi pamoja, kula pamoja na kulala chini ya paa moja hubadilika haraka kuliko wanaohubiriwa kila Jumapili kuhusu undugu.

Kiangazi cha 1958

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kanisa lilimtuma nchi nyingi kuzungumza na wanafunzi, na mwaka 1954 alifika Afrika. Alikuta bara linalojiandaa kujitawala, na vijana wenye maswali makali kuhusu Marekani. Nchi inayojigamba kwa uhuru inawezaje kuwatenga raia wake weusi? Mchungaji mweusi hakuwa na jibu la kulifunika swali hilo. Alirudi kwao akiwa na hakika kuwa vijana wa Kimarekani lazima waje Afrika, waulizwe wenyewe, na wajibu kwa vitendo.

Mwaka 1957 alilipeleka wazo hilo Occidental College, Los Angeles. Wanafunzi walilipokea kwa moyo wote, na baadhi yao wakawamo katika msafara wa kwanza. Kiangazi cha mwaka 1958, vijana wapatao 60 walivuka Atlantiki. Waligawanywa katika makundi madogo, wakaenda nchi tano: Ghana, Nigeria, Liberia, Sierra Leone na Kameruni.

Wakati wenyewe ulikuwa mzito. Ghana ilikuwa imepata uhuru Machi 1957. Septemba ya mwaka huohuo, mjini Little Rock, Arkansas, ilibidi askari wa jeshi wawasindikize watoto tisa weusi ili waingie shule ya sekondari iliyokuwa ya wazungu. Miezi michache baadaye, wanafunzi weupe na weusi kutoka nchi hiyohiyo walikuwa kijijini Afrika Magharibi, wakibeba karai moja la zege na kula chungu kimoja. Kwa baadhi yao hayo yasingewezekana katika miji yao ya kuzaliwa.

Masharti ya Robinson yalikuwa magumu, na kila moja lilikuwa na sababu yake. Wanafunzi walitakiwa kusoma habari za Afrika kabla ya safari. Walichangia nauli yao, na wengi walichangisha fedha makanisani na vyuoni mwao, kwa hiyo kila mmoja aliondoka akiwa na deni kwa watu wa kwao. Kijijini waliishi kama wenyeji walivyoishi, wakila chakula cha pale. Kazi waliifanya bega kwa bega na vijana wenyeji wa umri wao, na mradi ulikuwa wa wenyeji. Waliporudi makwao, walitakiwa kuzunguka na kueleza walichokiona. Kwa hesabu ya Robinson, mazungumzo hayo ya baada ya safari yalikuwa nusu ya kazi.

Mbegu ilikuwapo tayari

Ingekuwa kosa kusimulia historia hii kana kwamba wageni ndio waliotufundisha kujitolea. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: wahenga wa pwani walilisema hilo kabla ya meli yoyote ya wanafunzi. Msaragambo wa Tanzania, harambee ya Kenya na umuganda wa Rwanda vina mizizi katika desturi za watu kujengeana nyumba, kulimiana mashamba na kuchimbiana mifereji bila malipo.

Hata kambi za kisasa za kujitolea zilikuwapo Afrika kabla ya Robinson kuleta vijana wake. Historia ya kambi hizo inaanzia Ulaya, baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1920 Pierre Cérésole, raia wa Uswisi aliyepinga vita, aliongoza kikundi cha kimataifa, kikiwa na Wajerumani ndani yake, kujenga upya kijiji cha Esnes karibu na Verdun, Ufaransa, mahali palipoteketezwa na mizinga. Chuki dhidi ya Wajerumani ilikuwa bado mbichi, na kikundi kililazimika kuondoka baada ya miezi michache. Wazo halikuondoka nacho. Lilikua likawa Service Civil International, na mwaka 1934 Cérésole mwenyewe alikwenda Bihar, India, kusaidia waliokumbwa na tetemeko la ardhi.

Mwaka 1956, mwaka mmoja kabla ya uhuru, vijana wa Ghana walianzisha chama chao cha kambi za kujitolea. Wakenya nao walianzisha cha kwao mwaka 1962. Vyama vya namna hiyo ndivyo vilivyojua kijiji gani kina haja ya nini, nani ana kiwanja, mafundi wako wapi na mvua itaanza lini. Mgeni aliyefika kupitia kwao alikabidhiwa kazi iliyokwisha kuamuliwa na wenyewe. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo lililookoa misafara ya mwanzo isigeuke maonyesho ya huruma.

Tanganyika yafungua njia

Oktoba 1960, usiku wa manane, Kennedy akiwa katika kampeni aliwauliza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan ni wangapi wako tayari kuzitumikia nchi zinazoendelea. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Machi 1961, akiwa rais, alitia saini amri ya kuanzisha Peace Corps, na Robinson akawa miongoni mwa washauri wa shirika hilo.

Hapo Afrika Mashariki inaingia katika hadithi. Tarehe 21 Aprili 1961 Kennedy alitangaza makubaliano na Tanganyika, mradi wa kwanza wa Peace Corps kutangazwa popote duniani. Serikali ya Julius Nyerere ilijua inachokitaka. Iliomba wapimaji ardhi, wanajiolojia na wahandisi wa barabara, kwa sababu mazao ya wakulima yalikuwa yakikwama mashambani kwa kukosa barabara, na wataalamu wa kuzipima walikuwa wachache mno. Vijana 35 walifunzwa El Paso, Texas, kisha Puerto Rico, wakawasili nchini miezi michache kabla ya uhuru wa Desemba 9, 1961.

Peace Corps ilitaka miaka miwili ya mtu, Crossroads ilitaka kiangazi kimoja. Tofauti hiyo ni kubwa. Mpimaji wa miaka miwili anaacha barabara. Mwanafunzi wa wiki chache anaacha kuta ambazo fundi mwashi wa kijijini angezijenga vizuri zaidi na kwa haraka zaidi. Robinson hakujidanganya kuhusu hilo. Jengo lilikuwa sababu ya kukutana. Alichokuwa akikijenga hasa ni raia wa Marekani atakayepiga kura, kufundisha na kuandika akiwa anawajua Waafrika kwa majina yao. Zaidi ya watu 10,000 wamepitia mikononi mwa chama hicho, na safari zake zilifika pia Kenya, Uganda na Tanzania.

Miaka hiyohiyo, wanafunzi wetu nao walikuwa angani wakielekea upande wa pili. Septemba 1959 ndege iliyopangwa kwa juhudi za Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, iliwapeleka Wakenya 81 kusoma Marekani, na waliofuata mwaka 1960 walikuwa pamoja na Wangari Maathai. Kwa kipindi kifupi njia ilikuwa na watu wa kwenda na wa kurudi.

Kukosolewa na kupotoka

Haikuchukua muda maswali yakaanza. Oktoba 1961, mjini Ibadan, Nigeria, kadi ya posta ya mmoja wa vijana wa Peace Corps ilionekana kabla ya kutumwa. Aliandika kwa mshangao na karaha jinsi watu wanavyoishi mitaani. Wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana, na walikuwa na haki. Mtu hawezi kukutumikia huku anakudharau.

Mwaka 1968 padri Ivan Illich, aliyeishi na kufanya kazi Mexico, alisimama mbele ya wanafunzi wa Marekani Kaskazini waliokuwa na desturi ya kwenda vijiji vya Mexico kila kiangazi. Aliwaambia nia njema haitoshi na inaweza kudhuru. Aliwasihi waende Mexico kutazama na kujifunza, lakini waache kujifanya wafadhili wa watu ambao hata lugha yao hawaijui. Maneno yake yaliwachoma wengi, na bado yanasomwa na vijana wanaojiandaa kwa safari kama hizo.

Laiti yangesikilizwa zaidi. Katika miongo iliyofuata huduma ya likizo iligeuzwa biashara ya utalii, ambapo kijana analipa fedha nyingi ili apewe kazi, na kazi inatengenezwa ili apatikane wa kulipa. Ubaya wake mkubwa umeonekana kwenye vituo vya watoto, ambako wageni huja, hupendwa na watoto, kisha huondoka, kundi baada ya kundi. Wengi wa watoto hao wana mzazi au ndugu aliye hai. Mwaka 2017 serikali ya Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya, na sera zake sasa zinasisitiza watoto walelewe katika familia. Ulikuwa uamuzi sahihi.

Tulicho nacho mkononi

Robinson alifariki mwaka 1972, lakini masharti yake hayajapitwa na wakati. Mgeni aje kwa mwaliko. Kazi iamuliwe na wenyeji. Kwa kila mwanafunzi mgeni awepo mwanafunzi mwenyeji anayeshika chombo kilekile na kupata cheti kilekile. Akirudi kwao, aseme alichojifunza kabla ya kusema alichotoa. Kamati ya shule au serikali ya kijiji inayopokea barua ya wageni inaweza kuuliza kuhusu masharti hayo manne kabla ya kujibu, na ikikosa jibu la kuridhisha, ikatae. Kukataa mradi mbovu si kukosa ukarimu.

Lipo na sharti la tano, ambalo kizazi cha Mboya kililijua: safari iwe ya pande mbili. Kijana wa Njombe au Kakamega ana cha kuwafundisha wazee wapweke wa miji ya Ulaya, na watoto wa Harlem pia, iwapo atapewa viza na nauli kama wenzake wanavyopewa. Vyuo vya ng'ambo vinavyoleta wanafunzi wao kila Juni vitenge nafasi kwa wanafunzi wetu pia, na vyuo vyetu vidai nafasi hizo ziandikwe ndani ya mikataba. Bila hivyo tutabaki kuwa darasa la watoto wa wengine, na Robinson hakuwaleta vijana wake Afrika kwa ajili hiyo.