Safari ya reli na watoto kutoka Garissa

KAUNTI za Garissa, Wajir na Mandera hazina reli. Ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilifika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, ikaliacha eneo hilo kando. Mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu mnamo Machi 2012, unajumuisha reli ya kupitia Garissa hadi Isiolo, lakini haijajengwa.

Hivyo, mzazi anayetaka kuwapandisha wanawe garimoshi huanza kwa basi: kilomita 370 hivi, kuvuka daraja la Mto Tana, kupitia Mwingi na Thika hadi Nairobi. Katika vizuizi vya polisi stakabadhi hukaguliwa, kwa hivyo kitambulisho cha mzazi na vyeti vya kuzaliwa vya watoto visifungiwe ndani ya mizigo. Familia za wakimbizi wa Dadaab huhitaji kwanza kibali cha kuondoka kambini.

Madaraka Express, iliyozinduliwa Mei 31, 2017, huondoka Syokimau kuelekea Mombasa. Mtoto wa chini ya miaka mitatu halipi. Wa miaka mitatu hadi 11 hulipa nusu ya nauli. Kabla ya kuingia, mizigo hupangwa chini ikanuswa na mbwa wa polisi. Yafaa watoto waelezwe mapema wasije wakaogopa.

Safari ya moja kwa moja huchukua takriban saa tano. Ya mchana ndiyo bora kwao, kwani Tsavo ndovu huonekana dirishani.