Gharama ya Bima kwa Wenye Ndege Binafsi: Hujja Dhidi ya Hisabu ya Asilimia

Imekuwa desturi, kila panapozungumzwa gharama ya bima ya ndege ndogo zisizofanya biashara, kulijibu swali hilo kwa hisabu moja nyepesi: itwae thamani ya ndege, toa humo sehemu moja au mbili au tatu katika mia, na hiyo ndiyo ada ya mwaka. Hisabu hii hupendwa kwa wepesi wake, na mara nyingine jawabu lake huwa karibu na kile anachokuja kukiandika dalali, hata mwenye ndege akaridhika kwamba amekwisha kuifahamu kadhia yote. Rai yangu ni kwamba hisabu hiyo haielezi chochote, na kwamba aliyeitegemea katika kupunguza gharama zake aghalabu hujitia katika hasara kubwa kuliko ada yote aliyotaka kuikwepa.

Mintarafu ya umbile la bima yenyewe hapana ugomvi, wala sitakawia hapo. Hati moja hukusanya ahadi mbili: ya kwanza ni ya chombo chenyewe, kikiharibika angani au kikiwa kimeegeshwa, ya pili ni ya dhima, yaani fidia atakayodaiwa mwenye ndege kwa ajili ya abiria wake na kwa ajili ya watu na mali zilizoko ardhini. Ahadi ya kwanza ina uhusiano na thamani ya ndege. Ya pili haina uhusiano nayo hata kidogo, na hapa ndipo hisabu ya asilimia inapoanza kuvunjika. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 yatosha kuwa ithibati. Kwa mujibu wake, kiwango cha chini cha dhima kwa watu wa ardhini hupimwa kwa uzito wa juu wa kurukia: ndege iliyofikia kilo 1,000 na isiyofikia kilo 2,700 sharti iwe na bima ya SDR milioni 3 (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa), na kwa kila abiria, katika ndege ya daraja hilo isiyo ya biashara, kiwango kisipungue SDR 100,000. Cessna 172 iliyoundwa mwaka 1974, yenye uzito wa kilo 1,043, na 172S ya leo, yenye kilo 1,157, zimo katika daraja moja, ijapokuwa bei ya ile ya pili ni mara nyingi ya bei ya ile ya kwanza. Mwenye ndege kuukuu, akiigawanya ada yake kwa thamani ya chombo chake, ataona asilimia ya kutisha na kulalamika kwamba anadhulumiwa, ilhali kijumba kitakachoangukiwa na ndege yake hakitauliza iliundwa mwaka gani.

Wako wataalamu wanaodai kwamba ada yote, chombo na dhima pamoja, ni zao la takwimu, kama ilivyo katika bima ya maisha au ya magari. Dai hili silikubali. Takwimu hutaka wingi wa vitu vinavyofanana, na ndege binafsi ni chache, aina zake ni nyingi, na hasara zake ni za nadra na nzito. Tangu Lloyd's ya London ilipotoa hati ya kwanza ya bima ya ndege mwaka 1911, na kisha wakadiriaji wake wakaiacha biashara hiyo mwaka uliofuata baada ya ajali kuwaelemea, kazi hii imesimama juu ya hukumu ya mtu mzoefu anayesoma fomu na kujiuliza: ni nani huyu atakayeshika usukani? Kwa hiyo ndege mbili za aina moja na mwaka mmoja, zilizoegeshwa ubavu kwa ubavu, huweza kutozwa ada zinazopitana mbali. Mmoja wa wenyewe ana saa nyingi katika aina ile ile ya ndege, ana cheti cha kuruka kwa kutegemea ala za ndani ya ndege, naye hurudi kwa mwalimu kila mwaka. Wa pili amepata leseni juzi na amenunua ndege yenye magurudumu ya kukunjwa, au yenye gurudumu la mkia, aina ambazo hazimsamehe mgeni anapotua. Zaidi ya hayo, hati huwataja marubani walioruhusiwa, au huweka sharti la saa walizoruka. Na mwenye ndege anayemwazima sahibu yake asiyetimiza sharti hilo hurusha ndege isiyo na bima, hata kama ada imelipwa hadi senti ya mwisho.

Lakini ushahidi ninaoutegemea kuliko wote ni ule wa thamani ya makubaliano, kwa maana hapo hisabu ya asilimia haiishii katika kukosea tu, hudhuru. Katika bima ya ndege, thamani ya chombo haingojwi ikadiriwe baada ya ajali: hukubaliwa mwanzoni na kuandikwa. Mwenye ndege anayeamini kwamba ada ni sehemu ya thamani huona njia iliyo wazi ya kuweka akiba, nayo ni kuandikisha thamani ndogo. Tuseme ndege ina thamani ya dola 200,000 sokoni, naye akaiandikisha kwa dola 120,000. Kwa kiwango cha moja na nusu katika mia ameokoa dola 1,200 kwa mwaka. Kisha siku moja, katika kiwanja cha murram kilicholowa mvua, gurudumu la mbele likavunjika na rafadha ikapiga ardhi. Rafadha ikigusa ardhi huku injini inazunguka, injini hutolewa, ikafunguliwa na kukaguliwa ndani, hata kama kwa macho haina dosari; ongeza rafadha mpya, ukuta wa nyuma ya injini uliopinda na ncha ya bawa, na matengenezo yakafika dola 90,000. Hizo ni sehemu 75 katika mia ya thamani iliyoandikwa, na kampuni yaweza kuona ni heri kuihesabu ndege kuwa imepotea yote, ikalipa dola 120,000, na mabaki yakawa mali yake. Mabaki hayo ni ndege inayotengenezeka! Mwenyewe amebaki na dola 120,000 mahali pa ndege ya dola 200,000. Amepoteza dola 80,000, na ili akiba yake ya kila mwaka iifidie hasara hiyo ingemlazimu kuruka miaka zaidi ya 66 bila ajali. Angeandika thamani ya kweli, matengenezo yale yale yangekuwa sehemu 45 tu katika mia, na ndege ingetengenezwa na kurudishwa kwake.

Wakadiriaji nao wanalijua jambo hili vizuri. Kwa kuwa bei ya rafadha na ya injini haipungui kwa sababu ya kalamu ya mwenye ndege, huweza kupandisha kiwango cha asilimia kadiri thamani iliyoandikwa inavyoshuka, na akiba yenyewe huyeyuka. Anayezidisha thamani naye hasalimiki: atatengenezewa gofu ambalo angependa alipwe fedha zake aachane nalo.

Nitapingwa kwa hujja kwamba ada hupanda hata kwa rubani asiye na taksiri. Ni kweli. Baada ya Septemba 11, 2001, kampuni za bima zilitoa notisi ya siku saba tu na kuondoa kinga ya dhima ya vita na ugaidi kwa mashirika ya ndege ulimwenguni. Na baada ya ajali za Boeing 737 MAX za 2018 na 2019, bei zilipanda hata kwa ndege ndogo. Soko huwapandisha na kuwashusha wote pamoja, walakini tofauti baina ya jirani na jirani hubaki, na tofauti hiyo ndiyo iliyomo mikononi mwa mwenye ndege.

Kwa Afrika Mashariki suala hili lina uzito wa pekee. Sheria ya Kenya humtaka mwenye mali aliyeko nchini akate bima kwa kampuni iliyosajiliwa humo, illa kwa idhini ya msimamizi. Lakini katika hatari kubwa kama za ndege, kampuni ya nyumbani hubakiza sehemu ndogo na kuipeleka iliyobaki kwa wenye bima mtawanyo, yaani wale wanaozikatia bima kampuni za bima zenyewe, wengi wao wakiwa ng'ambo. Anayekadiria huko hawajui marubani wetu, wala haijui tofauti ya kiwanja cha nyasi kinachofyekwa na kulindwa dhidi ya pundamilia na kile kilichoachwa. Asipopewa maelezo, huwatia wote katika fungu la hatari. Kwa hiyo waraka wa mafunzo, daftari la saa za kuruka na maelezo ya viwanja vinavyotumiwa vina thamani ya fedha taslimu. Nami nathubutu kusema kwamba mamlaka za usafiri wa anga na za bima za eneo letu zingewalazimisha madalali kuandika kando kando ada ya chombo, ada ya dhima na masharti ya rubani, badala ya jumla moja isiyochambuliwa, sehemu kubwa ya malalamiko ya sasa ingekwisha katika miaka michache, na thamani za uongo zingeondoka katika hati zetu.