Kodi, Injini Kuukuu na Gari la Vipande

Ndugu wanaukoo, wengi wenu mwawaona majirani Waingereza wakiunda magari gerejini mwao, mkadhani ni mchezo tu wa wenye nafasi. Chanzo chake ni kodi. Gari zima lilitozwa kodi ya ununuzi. Vipande ambavyo mnunuzi aliviunganisha mwenyewe havikutozwa. Kwa mwanya huo Lotus iliuza gari lake la Seven tangu 1957. (Sisi tuliotumikia serikali hatushangai.)

Injini mara nyingi ilitoka katika Ford iliyokwisha chakaa. Hapo ndipo penye kazi: kuifumua yote, kupima silinda na krenki, kuchonga silinda zilizolika na kutia pistoni kubwa zaidi, kisha ringi, beringi na gasketi mpya. Asiyepima huifungua tena upesi.

Vijana wetu wasidhani injini hizo ni za kigeni kwetu. Ile ya sentimita za ujazo 1498, iliyotiwa katika Super Seven, ni jamii moja na ya Cortina GT iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1964.

Mwaka 1973 ikaja kodi ya ongezeko la thamani, mwanya ukazibwa. Mwaka huo huo Caterham ikapewa haki ya kuliunda Seven, na vipande vyake vyauzwa hata leo.