Nani alianzisha Uhindu? Jinsi dini huzaliwa kwa mtazamo wa Wahindu

Kila tunapozungumzia dini studioni, swali moja halikosi kujitokeza. Msikilizaji husema: Uislamu tunaufahamu kupitia Mtume Muhammad, Ukristo kupitia Yesu Kristo, Ubudha kupitia Buddha. Sasa Uhindu ulianzishwa na nani?

Jibu fupi ni kwamba Uhindu hauna mwanzilishi. Jibu refu ni kwamba Wahindu wengi wanaliona swali lenyewe kwa namna nyingine, kwa kuwa wana maelezo yao kuhusu dini zinakotoka. Makala haya yanaeleza maelezo hayo, pamoja na sehemu zinazobishaniwa na Wahindu wenyewe na majirani zao.

Kwanza tutofautishe maneno

Mitaani kwetu mtu husema "Mhindi" akimaanisha yeyote mwenye asili ya India au Pakistan. Mhindu ni yule anayefuata dini ya Uhindu. Wahindi wengi wa Afrika Mashariki si Wahindu: wapo Waislamu kama Waismailia na Mabohora, wapo Wakatoliki wenye asili ya Goa, na wapo Masingasinga. Zamani watu wa pwani walimwita Mhindu "Baniani", neno linalotokana na jina la jamii za wafanyabiashara wa India.

Hata neno "Hindu" halikuanza kama jina la dini. Lilitokana na Sindhu, jina la mto ambao leo unajulikana kama Indus. Waajemi walilitamka kwa "h", likawa jina la watu wa ng'ambo ya mto huo. Wahindu wenyewe mara nyingi huiita njia yao Sanatana Dharma, yaani dharma ya milele. Dharma ni neno pana: ni wajibu, ni mwenendo wa haki, ni utaratibu unaoushikilia ulimwengu.

Kilichosikika na kilichokumbukwa

Maandiko makuu ya Uhindu ni Veda nne: Rigveda, Yajurveda, Samaveda na Atharvaveda. Veda maana yake ni maarifa. Kwa mafundisho ya jadi, Veda hazikutungwa na mwanadamu. Zilikuwepo daima, na wahenga wanaoitwa rishi walizipokea katika tafakuri nzito. Miongoni mwa wanaotajwa kwa baadhi ya tenzi za Rigveda wamo wanawake, kama Lopamudra na Ghosha.

Ndiyo maana maandiko hayo huitwa shruti, yaani kilichosikika. Yanayofuata, kama Mahabharata na Ramayana, huitwa smriti, yaani kilichokumbukwa. Hapo ndipo ulipo msingi wa fikra nzima: ukweli haukuanza siku fulani, ila kuna siku mtu aliutambua. Rishi hakuubuni, kama vile anayegundua chemchemi asivyoyatengeneza maji.

Wanahistoria hutazama kwa jicho lingine. Wengi wao wanakadiria kwamba tenzi za Rigveda zilitungwa kaskazini magharibi mwa Bara Hindi, kuanzia takriban mwaka 1500 kabla ya Kristo. Kwa karne nyingi hazikuandikwa. Zilipokezwa kwa mdomo, mwalimu akimkaririsha mwanafunzi neno kwa neno, kwa mpangilio wa kawaida na kwa mipangilio ya kurudiarudia maneno ili kosa lisipenye. Aliyewahi kumwona mtoto akihifadhi Kurani madrasa ataelewa nidhamu hiyo. Mwaka 2008 UNESCO iliiingiza mila ya kukariri Veda katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Kwa nini basi dini ni nyingi?

Kama ukweli ni wa milele, kwa nini watu hawafuati njia moja? Wahindu wana majibu kadhaa.

La kwanza ni mzunguko wa nyakati. Ulimwengu hupitia zama nne: Satya, Treta, Dvapara na Kali. Kwa hesabu ya vitabu vya jadi, zama zote nne huchukua miaka 4,320,000, na sisi tuko katika Kali, yenye miaka 432,000. Kila zama zinaposonga, dharma hufifia. Katika Bhagavad Gita, Krishna anafundisha kwamba yeye hujidhihirisha duniani kila dharma inapodhoofika na uovu kupanda. Kwa mtazamo huo, mafundisho yanayoonekana mapya ni yale ya kale yanayohuishwa.

La pili ni tofauti za watu. Kuna anayemfikia Mungu kwa maarifa, mwingine kwa matendo, mwingine kwa upendo na ibada. Njia hizi huitwa jnana, karma na bhakti.

La tatu ni mwalimu. Ndani ya Uhindu, mkondo mpya huzaliwa pale guru anapopata wafuasi na mafundisho yake yakapokezwa kizazi hadi kizazi. Mkondo huo huitwa sampradaya. Mfano uko karibu nasi: mahekalu ya Swaminarayan yaliyopo Kenya na Tanzania ni ya wafuasi wa Sahajanand Swami, aliyezaliwa mwaka 1781 kaskazini mwa India, akafundisha Gujarat na kufariki mwaka 1830. Yeye ana tarehe na mahali. Wafuasi wake, hata hivyo, hawasemi kwamba Uhindu ulianza naye.

Wengine waliupanua mtazamo huu ukahusu dini zote. Ramakrishna wa Bengal, aliyeishi kati ya 1836 na 1886, alifuata kwa muda ibada za Kiislamu na za Kikristo, akahitimisha kwamba zote zinafika kwa Mungu yule yule. Mwanafunzi wake, Swami Vivekananda, alilipeleka wazo hilo kwenye Bunge la Dini za Dunia mjini Chicago mwezi Septemba 1893.

Wasiokubaliana

Si Wahindu wote wanaosema hivyo. Dayananda Saraswati, aliyeanzisha Arya Samaj mwaka 1875, alifundisha kwamba Veda ndizo ufunuo wa asili, na akazikosoa vikali dini nyingine pamoja na desturi nyingi za Wahindu wenzake, ikiwemo kuabudu sanamu.

Majirani nao wana lao. Baadhi ya Wahindu humhesabu Buddha kuwa umbo mojawapo la mungu Vishnu. Kwa Mhindu hiyo ni heshima, ila Wabudha wengi wanaona dini yao inamezwa. Jambo hili limefika hadi kwenye sheria. Ibara ya 25 ya Katiba ya India, inapozungumzia taasisi za Kihindu, inawajumuisha Masingasinga, Wajaini na Wabudha. Masingasinga wengi wameipinga lugha hiyo, wakisema dini yao iliyoanza na Guru Nanak inajitegemea.

Pingamizi zito zaidi lilitoka kwa B. R. Ambedkar, aliyeongoza kamati ya kuandika rasimu ya katiba hiyo. Alizaliwa katika jamii iliyotengwa kuwa najisi chini ya mfumo wa matabaka. Hoja yake ilikuwa kwamba andiko likishaitwa la milele, dhuluma iliyohalalishwa kwa jina lake nayo huonekana ya milele. Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia Ubudha pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi wake. Wapo Wahindu wanaomjibu kwamba matabaka ya kuzaliwa nayo ni upotovu wa dharma, si dharma yenyewe. Mjadala huo bado unaendelea.

Swali la kumuuliza jirani

Tunaishi na Wahindu mtaa mmoja na kufanya nao biashara, lakini ni wachache kati yetu waliowahi kuwauliza kuhusu imani yao bila kuanza na kejeli ya masanamu. Ukipata nafasi, badala ya "nani alianzisha dini yenu?", jaribu kuuliza: "Wewe unafuata njia ipi, na uliipokea kwa nani?" Huenda ukasikia habari za bibi, za guru, au za hekalu la kijijini Gujarat. Mhindu wa nyumba ya pili naye anaweza kukupa jibu tofauti kabisa.