Makala, Mbabula na Baridi ya Goma

Mabanga, Kaskazini na Kusini, ni mitaa ya komini ya Karisimbi mjini Goma, mji uliolala mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari kati ya volkeno ya Nyiragongo na Ziwa Kivu. Majira ya baridi kama ya Ulaya hayapo huku. Lakini usiku joto hushuka hadi nyuzi 15 au chini yake, na mvua ikinyesha jioni, nyumba ya mbao yenye paa la bati haikawii kupoa. Ndiyo maana mbabula, lile jiko la bati la kuwashia makala (yaani mkaa), imekuwa na kazi mbili tangu zamani: kuivisha chakula na kuwapa joto waliokaa kuizunguka.

Vijijini Masisi na Rutshuru, kazi hizo mbili zilifanywa na mafiga matatu na kuni ndani ya nyumba. Moshi uliwasha macho, ila ulikausha pia mahindi yaliyotundikwa juu. Waliohamia Goma walikuta viwanja vidogo, majirani ukutani na kuni za kununua. Makala yakawafaa zaidi: ni mepesi kubeba, hayana moshi mwingi, na huuzwa hata kwa mafungu madogo ya kutosha mlo mmoja. Mizigo iliteremka kwa malori, na kwa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachosukumwa kwa mguu na kuachiwa kwenye miteremko ya kutoka Kibumba.

Wepesi huo una gharama isiyoonekana sokoni. Katika tanuru la kienyeji la udongo, kilo 1 ya makala hula kilo 5 hadi 10 za kuni. Msitu ulio karibu na Goma nao ni wa Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Mfalme Albert wa Ubelgiji, na kukata miti humo ni marufuku.

Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma kwa siku chache na kutawanywa katika kambi za Mugunga, Kibumba, Katale na Kahindo, zote kandokando ya hifadhi. Kila familia ilihitaji moto wa kupikia maharagwe ya msaada, na maharagwe makavu ni walaji wakubwa wa kuni. Makundi makubwa yaliingia msituni kila siku kutafuta kuni, na kilomita za mraba nyingi zikabaki tupu. Kambi zilivunjwa mwaka 1996, lakini biashara ya makala haikuondoka nazo. Vita vilivyofuata viliipa mabwana wapya, watu wenye silaha waliotoza ushuru njiani. Kuuawa kwa sokwe wa milimani Virunga mwaka 2007 kulihusishwa na biashara hiyo hiyo.

Katikati ya hayo, tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita mjini hadi ziwani na kuteketeza makazi ya zaidi ya watu 100,000. Watu walijenga upya juu ya jiwe hilo jeusi, wengi kwa mbao, kwa kuwa mbao hujengwa haraka. Ukuta wa mbao, hata hivyo, una nyufa nyingi, na joto la mbabula hutoka kama lilivyoingia. Kuziba nyufa zote nako ni hatari: makala hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na jiko lililoachwa likiwaka katika chumba kilichofungwa laweza kuua waliolala. Desturi iliyo salama zaidi ni kuwasha nje, kungoja makala yawe mekundu ndipo jiko liingizwe ndani, na hata hapo kuacha dirisha wazi.

Juhudi za kubana matumizi zilikuja baadaye kidogo. Mwaka 2007 shirika la WWF lilianzisha mradi wa EcoMakala: wakulima wapande miti ya kuchomea makala katika mashamba yao wenyewe, ili msitu upumzike. Kisha mafundi wa Goma wakaanza kutengeneza majiko yaliyoboreshwa, likiwemo lililoitwa Jiko Nguvu. Mafundi wa Nairobi walikwisha kupita njia hiyo miaka ya 1980 kwa jiko lao la bati lenye kikapu cha udongo ndani. Udongo huzuia joto lisikimbilie ubavuni, hivyo makala machache huchemsha sufuria ile ile. Tatizo ni kwamba joto la ubavuni ndilo lililokuwa likiwapasha watu. Wenye miradi waliohesabu chakula tu waliona hasara ikizuiwa. Aliyezoea kuota moto jioni aliona jiko lililomnyima kitu. Mahesabu mengi ya majiko hayo yalipungukiwa hapo, na hiyo ni sababu mojawapo ya mbabula ya zamani kubaki katika nyumba nyingi kando ya ile mpya.

Umeme ulikuwepo, lakini haukutosha. Nyaya za kampuni ya taifa, SNEL, zilileta nguvu ya mto Ruzizi, iliyokatika mara kwa mara. Desemba 2015 bwawa la Matebe, lenye uwezo wa megawati 13 hivi, lilizinduliwa Rutshuru chini ya mpango wa Hifadhi ya Virunga, na miaka iliyofuata nyaya zake zikafika Goma. Tangu hapo baadhi ya nyumba hupika chai na wali kwa umeme, na kuacha makala kwa maharagwe. Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini na waasi wa M23 kuuteka, umeme na maji vilikatika kwa siku kadhaa. Hata aliyekuwa na jiko la umeme alirudi kwenye mbabula.